Kazi Ngumu ya Kulegea

Msuli unajua kazi moja tu, nayo ni kujikunja. Ule wa mkono ukipewa amri unafupika, amri ikikoma unalegea. Hakuna msuli mwilini unaoweza kujirefusha kwa nguvu zake wenyewe. Mkono wako unanyooka kwa sababu msuli wa nyuma umejikunja na wa mbele umekubali kuvutwa. Tuanzie hapo, maana bila kulishika hilo safari ya chakula kutoka kooni mpaka chooni haieleweki, na wengi wanaosumbuliwa na tumbo wataendelea kuamini kwamba wanachokosa ni nguvu za kusukuma.

Sasa fikiria mrija laini uliozungushiwa misuli ya namna hiyo. Utumbo ni mrija wa mita kadhaa, na ukuta wake una matabaka mawili ya misuli. La ndani limeuzunguka mrija kwa duara, la nje limelala kwa urefu. Tabaka la duara likijikunja, mrija unabanwa pale pale. La urefu likijikunja, kipande hicho kinafupika. Hakuna zaidi. Kwa nyenzo hizo mbili mwili unatakiwa upitishe ugali, maharage, mchuzi, hewa, na mwishoni kinyesi kilichokwisha kukauka, vyote vikielekea upande mmoja.

Ubane mrija uliojaa mahali pamoja, kilichomo kitakimbilia pande zote mbili. Ubane kila mahali kwa wakati mmoja, hakitakwenda popote. Ili mzigo uelekee chini na usirudi juu, lazima mambo mawili yatokee kwa pamoja: ukuta ubane nyuma ya mzigo, na ulegee mbele yake. Mchungaji akiswaga ng'ombe huku lango la zizi limefungwa, atawaumiza bure na hakuna atakayetoka. Zaidi ya hapo, "nyuma" na "mbele" hubadilika kila mzigo unaposogea kidogo. Kipande cha ukuta kilicholegea sasa hivi kitatakiwa kibane sekunde chache zijazo. Kwa hiyo lazima kuwe na kitu kinachohisi mzigo uko wapi, na kinachotoa amri mbili zinazopingana, moja kuelekea juu na nyingine kuelekea chini. Kuhisi na kuamrisha ni kazi ya neva.

Neva zipi, basi? Mtu angejibu haraka kwamba ni za ubongo, kwa kuwa tumezoea kuuona ubongo kuwa mkuu wa kila kitu. Mwaka 1899 jijini London, William Bayliss na shemeji yake Ernest Starling walilipima swali hilo kwa mbwa waliopewa dawa ya usingizi. Walikata neva zote zinazouunganisha utumbo na ubongo pamoja na uti wa mgongo, kisha wakausisimua utumbo kutoka ndani. Ukuta ulibana upande wa juu na kulegea upande wa chini, kama kawaida, ingawa hapakuwa na njia yoyote ya ubongo kufikisha neno. Walipoupaka utumbo nikotini au kokeini, ambazo hunyamazisha neva zilizomo ukutani mwenyewe, mwendo huo ulikoma. Hapo jibu lilipatikana. Amri haitoki mbali, wala msuli hauamui peke yake. Neva zinazoamua zimo ndani ya ukuta wa utumbo.

Mwaka 1917 Mjerumani Paul Trendelenburg alikwenda mbali zaidi. Alichukua kipande cha utumbo mwembamba wa simbilisi, akakitoa kabisa mwilini na kukitundika katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi zinazofaa na oksijeni. Alipoongeza shinikizo ndani ya kipande hicho kidogo kidogo, kilitanuka kwa utulivu mpaka kufikia kiwango fulani, halafu kikaanza kazi: mkunjo ulitokea upande mmoja na kutembea mpaka mwisho, ukafuatwa na mwingine. Mnyama hayupo, moyo wake haupo, ubongo wake haupo, na kipande cha nyama katika chombo cha kioo kinaendelea kutambua upande wa kinywa na upande wa kutokea. Mimi huliona jaribio hili kuwa miongoni mwa yale ambayo kila mwanafunzi wa baiolojia angepaswa kuyashuhudia kwa macho.

Mtandao unaofanya kazi hiyo ulikuwa umeshaonekana kwa hadubini katika karne ya 19. Leopold Auerbach alieleza wavu wa neva uliotandazwa kati ya yale matabaka mawili ya misuli, na Georg Meissner alieleza mwingine ulio karibu na utando wa ndani. Wavu wa Auerbach husimamia mwendo, wa Meissner husimamia zaidi majimaji na damu. Kwa pamoja nyavu hizo zina mamia ya mamilioni ya seli za neva. Mwanafiziolojia wa Cambridge, John Langley, aliuhesabu mtandao huu kuwa tawi linalojitegemea la mfumo wa neva, na kitabu chake cha mwaka 1921 kilimweka msomaji sawa kuhusu jambo hilo. Wengi walilisahau kwa miaka mingi.

Tuutazame ukuta huo kwa karibu. Tonge la chakula lililolainika linapopita, linausugua utando wa ndani na kuutanua. Kwenye utando kuna seli zilizobeba serotonini, kemikali ambayo watu huihusisha na furaha na ubongo, ingawa zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili imo tumboni. Seli hizo zikisuguliwa huimwaga, na neva za kuhisi zilizo jirani huipokea. Neva hizo hupeleka habari pande mbili. Upande wa juu, neva za mwisho humwaga asetilikolini, na msuli unabana. Upande wa chini, neva nyingine hutoa nitriki oksaidi, ambayo ni gesi. Haihitaji mlango wa kuingilia, hupenya moja kwa moja ndani ya seli za msuli, na msuli unalegea.

Kuna washiriki wengine ambao si neva. Seli zilizopewa jina la Santiago Ramón y Cajal, Mhispania aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1906, hutoa mawimbi madogo ya umeme bila kuamrishwa na yeyote: karibu 3 kwa dakika kwenye mfuko wa chakula, karibu 12 mwanzoni mwa utumbo mwembamba na karibu 8 mwishoni mwake. Mara nyingi wimbi peke yake halitoshi kuukunja msuli kwa nguvu. Kazi yake ni kupanga lini mkunjo unaweza kutokea, na neva ndizo zinazoamua kama utatokea.

Mpaka hapa msomaji anaweza kuona kubana na kulegea kuwa sawa kwa uzito. Mimi nashikilia kwamba kulegea ndiko kazi kubwa zaidi ya neva za utumbo, hasa kadiri tunavyoteremka kuelekea mwisho wa njia. Msuli wa utumbo, tofauti na wa mkono, unaweza kubana hata ukiachwa peke yake. Usichoweza ni kulegea kwa wakati unaotakiwa bila neva kuuambia. Ushahidi mkubwa wa jambo hili umo katika miili ya watoto wachanga.

Mwaka 1886, katika mkutano wa madaktari wa watoto mjini Berlin, daktari wa Copenhagen aitwaye Harald Hirschsprung alieleza habari za watoto wawili wa kiume waliofariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Tangu kuzaliwa hawakuwa wakipata choo vizuri, na matumbo yao yalikuwa yamejaa na kuvimba. Walipopasuliwa baada ya kufa, utumbo mpana ulikutwa umetanuka vibaya na ukuta wake umekuwa mnene. Sehemu ya mwisho kabisa, yaani puru, haikuwa imetanuka.

Kwa miongo mingi macho ya madaktari yalikwenda kwenye utumbo uliovimba. Ilikuwa rahisi kuamini kwamba kilichovimba ndicho kigonjwa, na wapasuaji walikata sehemu hiyo, lakini watoto walirudi na shida ile ile. Mjini Boston, Orvar Swenson aliligeuza swali. Aliona kwamba mtoto akitobolewa tumbo na utumbo wa juu ukatolewa nje ili choo kipitie hapo, anapata nafuu, tumbo linashuka na anakula. Tundu likifungwa na choo kikarudishwa njia ya kawaida, ugonjwa unarudi. Alipopima mwendo wa kuta, sehemu nyembamba ya chini, ile iliyoonekana nzima, ndiyo iliyokosa mwendo wa mawimbi. Mwaka 1948 Swenson na mwenzake Alexander Bill walichapisha upasuaji wa kuondoa sehemu hiyo nyembamba na kuushusha utumbo wenye afya mpaka kwenye njia ya haja kubwa. Watoto walipona. Utumbo uliovimba ulikuwa mzima kabisa, umejaa tu kwa kusukuma kwa miezi dhidi ya mlango usiofunguka.

Hadubini inaonyesha sababu. Katika sehemu nyembamba, mahali palipostahili kuwa na mafundo ya seli za neva ya Auerbach na Meissner, hakuna hata seli moja. Seli hizo hazizaliwi tumboni. Huchipuka mgongoni mwa kiinitete, karibu na shina la ubongo, kisha husafiri kwenye utumbo kutoka juu kwenda chini katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba. Safari ikikatika njiani, kipande cha mwisho hubaki bila wenyewe. Ndiyo maana ugonjwa huanzia mwisho wa njia na kupanda juu, na kwa watoto wengi huishia karibu tu na puru. Hutokea kwa takriban mtoto 1 kati ya 5,000 wanaozaliwa, wa kiume wakiwa wengi zaidi.

Utumbo usio na neva zake ungeweza kudhaniwa utakuwa mlegevu, umelala. Kinyume chake ni kweli. Umebana mchana na usiku, kwa sababu waliokuwa wauambie ulegee hawakufika.

Kichanga aliyetimiza miezi yake hupata choo cha kwanza, kile kizito cheusi kinachoelekea kijani, ndani ya saa 24, na karibu wote huwa wamepata ndani ya saa 48. Mzazi aliyeruhusiwa mapema kutoka wodini anaweza asiulizwe swali hili, kwa hiyo ajiulize mwenyewe. Siku mbili zikipita bila choo, tumbo likijaa na kuwa gumu, mtoto akatapika matapishi ya kijani, huo si wakati wa kuambiwa ni chango na kupewa dawa ya kienyeji. Ni wakati wa hospitali. Daktari akimpima kwa kidole, mara nyingine choo na hewa hutoka kwa kishindo, tumbo likashuka na familia ikafurahi, halafu siku chache baadaye hali ikarudi. Unafuu huo wa ghafla ni dalili, haupaswi kumrudisha mtoto nyumbani bila uchunguzi. Kipande kidogo cha utando wa puru kikipelekwa maabara, kitaonyesha kama seli zipo au hazipo. Wapasuaji wa watoto wa Afrika Mashariki wanajua jinsi wagonjwa hawa wanavyofika kwao wamechelewa, wengine wakiwa wameshaanza kutembea, na hatari inayowaua mapema zaidi ni utumbo kuingiwa na maambukizi: homa, tumbo kujaa, na kuharisha kunakonuka sana.

Tushuke sasa kwenye mlango wenyewe, ambako ubongo hatimaye unapata sauti. Mwisho wa njia una misuli miwili ya duara, mmoja ndani ya mwingine, nayo huitwa sfinkta. Ya ndani ni ya msuli laini kama wa utumbo, haikusikilizi, na ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kufunga wakati umetulia au umelala. Ya nje ni ya hiari, ya aina moja na misuli ya mkono. Juu yao kuna msuli mwingine uliopita nyuma ya puru na kuivuta mbele, kiasi kwamba njia inapinda karibu kona ya mraba. Kwa kawaida puru haina kitu. Mara chache kwa siku, hasa baada ya kuamka na kula, utumbo mpana hufanya mkunjo mmoja mkubwa unaosafiri mbali na kumwaga mzigo wake puruni. Ndiyo sababu chai ya asubuhi huwainua watu wengi kitini.

Puru inapotanuka, sfinkta ya ndani hulegea yenyewe kwa muda mfupi. Huu ni uamuzi wa neva za ukutani, na kwa mtoto mwenye ugonjwa wa Hirschsprung haufanyiki, jambo ambalo madaktari hulitumia kama kipimo. Sfinkta ikilegea, kiasi kidogo cha kilichomo huteremka na kugusa sehemu ya njia iliyojaa ncha za neva za kuhisi. Katika sekunde hizo mwili unatambua kama ni hewa, majimaji au kitu kigumu, na habari inapanda ubongoni. Wakati huo huo sfinkta ya nje hukaza kulinda. Tunafanya hivyo mara nyingi kwa siku, tukiwa kikaoni, ndani ya daladala au msikitini, bila kukatiza mazungumzo.

Ukiamua kungoja, sfinkta ya nje na ule msuli wa kona huendelea kukaza, ukuta wa puru unalegea kuupokea mzigo, na haja inapoa. Ukiamua kwenda, misuli hiyo ya hiari inaachia, kona inanyooka, na pumzi kidogo inatosha. Kuchuchumaa hunyoosha kona hiyo zaidi kuliko kukaa, kwa hiyo choo chetu cha kuchuchumaa kina sababu ya kibaiolojia ya kuheshimiwa. Wapo watu wanaokaza sfinkta ya nje pale pale wanapojikamua, bila wao kujua. Wanatumia nguvu nyingi juu na wamefunga chini. Hao husaidiwa kwa mazoezi ya kujifunza kuachia, na dawa za kusukuma haziwafai kitu.

Uwezo wa kungoja una gharama, na wanaoilipa zaidi ni watoto wa shule. Choo cha shule kikiwa hakina mlango, hakina maji, au kinanuka kupita kiasi, mtoto hujibana mpaka jioni. Kinyesi kinachobaki kinaendelea kunyonywa maji na kuwa kigumu, kinauma kutoka, na maumivu yanamfundisha kujibana zaidi. Puru inayotanuka wiki baada ya wiki huzoea, haitoi tena taarifa kwa mzigo wa kawaida. Sfinkta ya ndani hubaki imelegea kwa kutanuliwa kila wakati, na kinyesi chepesi hupenya kando ya kile kigumu na kuchafua nguo. Mzazi anaona mtoto wa miaka saba anajichafua, anadhani ni uvivu au ukaidi, na fimbo inachukuliwa. Mtoto huyo hasemi uongo anaposema hakusikia. Neva zake kweli hazikumwambia. Anachohitaji ni puru kusafishwa, kinyesi kulainishwa kwa dawa kwa miezi, na kukalishwa chooni bila haraka baada ya kila mlo, mpaka ukuta urudi ukubwa wake na hisia zirudi. Kumpiga kunamfanya akaze.

Dawa za maumivu zinagusa mtandao huu pia. Mofini na kodeini hushika vipokezi vilivyo kwenye neva za utumbo na kuzizuia kumwaga asetilikolini. Mwendo unakufa, maji yananyonywa mno, choo kinakuwa kigumu. Mwaka 1975 huko Aberdeen, Uskoti, John Hughes na Hans Kosterlitz waligundua kwamba ubongo una mofini zake za asili, na miongoni mwa vipimo walivyotumia ni utumbo wa simbilisi uliotundikwa katika maji, mrithi wa jaribio lile la Trendelenburg. Mgonjwa wa saratani anayepewa mofini ya maji nyumbani anastahili kupewa na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, maana mwili wake utaizoea mofini kwa kichefuchefu na usingizi, lakini utumbo hauizoei.

Na uti wa mgongo ukivunjika, kwa ajali ya bodaboda au kwa kuanguka kutoka juu ya mti, kila tulichojifunza kinaonekana kwa macho. Utumbo unaendelea na kazi, kwa kuwa neva zake zimo ndani yake. Kinachokatika ni mawasiliano na ubongo: mgonjwa hahisi haja, na sfinkta ya nje haimtii. Jeraha likiwa juu, sehemu ya chini kabisa ya ugwe wa fahamu uliomo ndani ya uti wa mgongo, ile inayoihudumia puru, bado ni nzima, ila imepoteza mkubwa wake. Wauguzi huitumia. Nusu saa baada ya kifungua kinywa, kidole chenye glavu na mafuta huzungushwa taratibu puruni. Ukuta unatanuka, sfinkta inalegea, choo kinatoka. Kwa saa ile ile kila siku, au siku moja baada ya nyingine, utumbo hushika ratiba na mtu anaweza kwenda kazini bila hofu ya kuchafuka. Jeraha likiwa chini na kuiharibu sehemu hiyo yenyewe, kidole hakitaamsha kitu, mlango umelegea muda wote, na choo hutolewa kwa mkono kikiwa kimeachwa kigumu kiasi ili kisivuje. Aliyeumia juu ya katikati ya kifua aangaliwe zaidi wakati wa kazi hiyo. Akianza kuumwa kichwa ghafla na kutoka jasho usoni, shinikizo la damu limepanda: kidole kitolewe, mgonjwa akalishwe wima, na msaada wa daktari utafutwe hapo hapo.